NANI AMFUNDISHAYE MWALIMU?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ukimwuliza mtoto wa darasa la kwanza ni nani ajuaye kila kitu, atakujibu pasipo kusita, "Mwalimu." Sisi tuliokua kidogo twamcheka, lakini kwa kweli wengi wetu twaamini vivyo hivyo. Twadhani kwamba mtu akisha kumaliza chuo cha ualimu na kupewa cheti chake, basi amekamilika, kama chungu kilichokwisha chomwa, ambacho hakiongezwi udongo tena. Mzazi hudhani hivyo, mwanafunzi hudhani hivyo, na mara nyingine mwalimu mwenyewe hudhani hivyo.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza kazi moja ambayo watu wengi hawaijui, kwa sababu hufanyika kimya kimya nyuma ya darasa na ndani ya ofisi ya walimu. Ni kazi ya mwalimu kumsaidia mwalimu mwenziwe kufikiri juu ya ufundishaji wake. Nimeiona kazi hiyo katika shule yetu tangu mwaka jana, nami nimewauliza walimu wawili waliohusika wanieleze yale nisiyoweza kuyaona nikiwa kwenye dawati langu. Walikubali, kwa sharti kwamba nisiwataje majina.

Maana ya jambo lenyewe

Katika mpira kila timu ina kocha. Kocha hapigi mpira siku ya mchezo. Hukaa kando ya uwanja, akatazama yale ambayo mchezaji hawezi kuyaona akiwa mbioni, na baadaye humwita wakazungumza. Hakuna asemaye kwamba mchezaji mwenye kocha hajui mpira. Wachezaji hodari kabisa wa dunia wote wana makocha. Katika ualimu mtu wa namna hiyo huitwa kwa majina mbalimbali: mwezeshaji, mlezi au mwelekezi. Mimi nitamwita mwelekezi.

Kazi ya mwelekezi yategemea neno moja, nalo ni tafakuri. Tafakuri si kuwaza ovyo ukiwa umelala kitandani. Ni kuirudia kazi uliyoifanya, ukaitazama kama kwamba ni ya mtu mwingine, ukajiuliza: Nilikusudia nini? Kilitokea nini hasa? Kwa sababu gani? Mara ijayo nitafanyaje? Mwaka 1910 mwanafalsafa wa Marekani, John Dewey, alitoa kitabu juu ya namna tunavyofikiri, akaeleza kwamba kufikiri kwa kweli huanza pale mtu anapokutana na jambo linalomtatiza na kumsimamisha njiani. Mwaka 1983 Mmarekani mwingine, Donald Schön, aliandika juu ya mafundi na wataalamu wa kazi nyingi, akaonyesha kwamba fundi bora hufikiri akiwa katikati ya kazi, tena hufikiri baada ya kuimaliza.

Lakini kwa nini mwalimu asitafakari peke yake? Wazee wetu walikwisha jibu swali hilo waliposema kwamba kinyozi hajinyoi. Si kwamba kinyozi hajui kunyoa, bali kisogo chake hakioni. Mwalimu naye anapofundisha huwa anafanya mambo mengi kwa wakati mmoja: anaeleza, anaandika ubaoni, anatazama saa, ananyamazisha wasemao. Hawezi wakati uo huo kukaa nyuma ya darasa akajitazama.

Funzo la Kongwa

Sisi wa Mkoa wa Dodoma tuna mfano mkubwa, hapa hapa kwetu, wa kazi iliyofanywa kwa nguvu nyingi pasipo kutafakari. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma wataalamu watazame kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi katika Tanganyika. Wataalamu hao walizunguka kwa majuma machache tu, na sehemu kubwa ya safari yao walikwenda kwa ndege. Mwaka uliofuata, 1947, kazi ilianza Kongwa. Matrekta yaliletwa, pori likaanza kufyekwa, mibuyu ikang'olewa. Lakini uwanda wetu hupata mvua chache zisizotabirika, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zikashindikana kung'olewa. Matrekta yaliharibika, mavuno yakawa haba, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupoteza mamilioni mengi ya paundi.

Wale watu hawakuwa wavivu, wala hawakukosa elimu. Walichokosa ni kusimama na kuuliza. Kila trekta lilipovunjika waliagiza jingine, wala hawakuuliza kwanza udongo huu wasema nini. Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele katika nchi hiyo tangu zamani walijua habari za mvua na udongo wake, lakini mpango ulikuwa umekwisha pangwa mbali.

Nasema habari za Kongwa kwa sababu darasani nako hutokea vivyo hivyo. Wanafunzi wasipoelewa, jambo la kwanza limjialo mwalimu ni kurudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Hilo ni kuagiza trekta jingine.

Jambo hili si geni kwetu

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo mapya yaliyoletwa jana. Nchi yetu imejaribu mara nyingi kumfuata mwalimu huko huko shuleni alipo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulianzishwa mpango ulioitwa MTUU, yaani Mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO. Katika mpango huo wakufunzi walitoka vyuoni wakazunguka mashuleni, wakakaa na walimu wa shule za msingi na kuwasaidia katika mbinu mpya.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto asome elimu ya msingi, walimu walihitajika kwa maelfu, na vyuo havikuweza kuwatoa upesi. Basi kuanzia mwaka 1976 vijana walichukuliwa wakafundishwa ualimu huko huko vijijini. Walifundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na Mratibu Elimu Kata akiwatembelea. Zaidi ya walimu 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wengi waliwacheka kwa kuwa hawakukaa chuoni miaka kama wengine, lakini babu na bibi zetu wengi walijua kusoma kwa mikono yao.

Katika siku za karibu, mkoa wetu wa Dodoma ulikuwa mmoja wa mikoa iliyoingia katika mpango wa EQUIP-T, ulioanza mwaka 2014 kwa msaada wa Uingereza na kumalizika mwaka 2020. Mpango huo ulitilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika madarasa ya chini. Walimu walijifunza pamoja shuleni mwao, na Maafisa Elimu Kata walipewa pikipiki ili waweze kufika shule zilizo mbali. Mwaka 2022 ulianza mpango mwingine, Shule Bora, na Dodoma imo tena. Serikali nayo imeweka utaratibu wa nchi nzima uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Katika utaratibu huo walimu wa shule moja, au wa shule za jirani, hukutana katika jumuiya zao za kujifunza, wakaleta matatizo ya madarasa yao na kuyajadili.

Sababu ya kufanya hivyo yaeleweka. Zamani ilikuwa kumpakia mwalimu gari na kumpeleka mjini kwenye semina ya siku tano. Huko alisikiliza, akaandika, akarudi na daftari lililojaa. Lakini alipoingia darasani mwake alikuta wanafunzi wengi, vitabu vichache na kengele inayokaribia kulia, mambo ambayo hayakuwamo ukumbini. Daftari likabaki kabatini. Mtu hafundishwi kupogoa mizabibu kwa kuhubiriwa ukumbini. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi humchukua kijana akaenda naye shambani, akamwonyesha jicho la mche huu na jicho la mche ule, kisha akampa mkasi.

Namna kazi inavyofanyika

Wako watu wengi walioandika juu ya kazi hii. Wamarekani wawili, Arthur Costa na Robert Garmston, walianza mwaka 1984 kueneza njia yao ambayo nia yake si kumwambia mwalimu la kufanya, bali kuimarisha fikira zake ili ajue mwenyewe la kufanya. Kazi hugawanyika katika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni mazungumzo kabla ya somo. Mwelekezi na mwalimu hukaa pamoja na andalio la somo. Mwelekezi humwuliza: Wataka wanafunzi waweze nini mwisho wa kipindi? Utajuaje kwamba wameweza? Wapenda nikutazamie jambo gani? Angalieni kwamba anayechagua jambo la kutazamwa ni mwalimu mwenyewe.

Sehemu ya pili ni kutazama somo. Mwelekezi hukaa nyuma, hasemi neno, huandika yale tu aliyoambiwa ayatazame. Haandiki "somo zuri" wala "somo baya." Huandika yaliyotokea: mwalimu aliuliza nini, nani alijibu, dakika ngapi zilipita.

Sehemu ya tatu ni mazungumzo baada ya somo, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Mwelekezi hutumia mambo matatu. La kwanza ni kunyamaza, akampa mwenziwe nafasi ya kufikiri. La pili ni kurudia kwa maneno yake aliyoyasikia, ili mwalimu ayasikie mawazo yake mwenyewe. La tatu ni kuuliza swali lisilo na jibu la ndiyo au hapana. Ushauri huja mwisho, tena ukiombwa.

Yafaa nieleze hapa tofauti yake na ukaguzi. Wakaguzi, ambao sasa huitwa Wathibiti Ubora wa Shule, huja kupima kama shule inafanya inavyopasa, na hupeleka taarifa kwa wakubwa. Kazi hiyo ni ya lazima, kama mizani ilivyo ya lazima sokoni. Lakini ng'ombe hanenepi kwa kupimwa. Mwelekezi hapeleki taarifa popote. Aliyoyaona hubaki kati yake na mwalimu. Akivunja ahadi hiyo mara moja tu, mlango hufungwa, wala hakuna mwalimu atakayemwonyesha udhaifu wake tena.

Yaliyotokea katika darasa letu

Sasa nieleze niliyoyaona. Mkondo wetu una wanafunzi sitini na wanne. Mwaka jana, tukiwa Kidato cha Tatu, tulifika mada ya Dunia kama tufe katika Hisabati. Mwalimu wetu ni kijana, anajua somo lake vizuri, naye hakosi kipindi. Hata hivyo katika majaribio mawili ya kwanza wengi wetu tulipata alama za chini sana. Alirudia mada, tukapata vile vile. Tuliona kwamba amekata tamaa kidogo, nasi tulikuwa tumekata tamaa zaidi. Kila mtu ajua kwamba kwa miaka mingi Hisabati ni somo ambalo watahiniwa wengi wa nchi hii hulifeli katika mtihani wa Kidato cha Nne, na baadhi yetu tulikwisha amua moyoni kwamba tutakuwa katika hesabu hiyo.

Ndipo siku moja akaingia pamoja naye Bibi Mwalimu wa Biolojia, ambaye amepata mafunzo ya kazi hii. Alivuta kiti akakaa nyuma na karatasi. Sisi tulidhani mwalimu wetu amepatikana na kosa, basi tukakaa kimya kama maji ya mtungini.

Karatasi ile ilikuwa na ramani ya madawati yetu. Kila mwalimu alipomwuliza mwanafunzi swali, Bibi Mwalimu aliweka alama kwenye dawati la mwanafunzi huyo. Baada ya kipindi alimpa mwalimu karatasi, akanyamaza. Mwalimu aliniambia kwamba ukimya ule ulimwia mzito kuliko karipio. Alitazama, akaona alama karibu zote zimejazana katika safu mbili za mbele.

"Huku nyuma hakuna kitu," akasema.

"Umeona kwamba nyuma hakuna kitu," Bibi Mwalimu akajibu. "Wadhani ni kwa sababu gani?"

"Wa mbele ndio wanaonyosha mikono, nami naogopa kipindi kitaisha."

"Na wale wasionyosha mikono, wajuaje kwamba wameelewa au hawakuelewa?"

Hapo Mwalimu hakuwa na jibu, akaomba muda. Pembeni ya karatasi kulikuwa na jambo jingine. Bibi Mwalimu alikuwa amehesabu kimoyomoyo muda kati ya swali na jibu, na mara nyingi haukufika hata sekunde mbili. Jambo hili lajulikana tangu miaka ya 1970, wakati mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipopima muda huo katika madarasa mengi akaona kwamba walimu hungoja kiasi cha sekunde moja tu, kisha humwita mwingine au hujijibu wenyewe. Walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na yenye fikira, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema.

Mwalimu wetu alijichagulia mabadiliko mawili, hakuchaguliwa na mtu. La kwanza, baada ya kuuliza huhesabu hadi tano moyoni, nasi tuwili tuwili hunong'onezana jibu, ndipo huita jina lolote kutoka katika daftari la mahudhurio. La pili, dakika tano za mwisho kila mtu huandika katika kipande cha karatasi, bila jina, neno moja lililomtatiza.

Vipande vile vilifichua jambo ambalo hakuna aliyelidhani. Wengi hawakuandika kwamba hesabu ni ngumu. Waliandika kwamba hawajui maneno. Masomo yetu ni kwa Kiingereza, na tulikuwa tukichanganya latitudo na longitudo kila swali, hivyo tukakokotoa sawasawa jambo ambalo hatukuulizwa. Mwalimu alikuwa amerudia kukokotoa mara mbili, na sisi hatukuwa tumekwama huko.

Juma lililofuata alikuja na chungwa na kisu. Akachora mistari juu ya ganda, akalikata mbele yetu. Kisha akaacha mifano ya kitabu ya miji tusiyoijua, akatuambia kwamba Dodoma na mji wa Unguja ziko karibu katika latitudo moja, nyuzi 6 na dakika 10 hivi kusini ya ikweta. Akatutaka tukokotoe umbali wa kwenda mashariki moja kwa moja kutoka hapa mpaka baharini huko. Tulipata kiasi cha kilometa 380. Mwenzangu mmoja wa safu ya nyuma, ambaye tangu Kidato cha Pili hufunga daftari la Hisabati kabla ya kengele, alinyosha mkono akauliza kwa nini basi lapita njia ndefu zaidi ya hiyo. Darasa lilicheka, lakini lilikuwa swali zuri, na Mwalimu alilitumia.

Sisemi kwamba mwenzangu huyo amekuwa bingwa. Alikuwa akipata alama chini ya 15, na katika jaribio la mwisho wa mwaka alipata 38, ambayo ni daraja D. Lakini kati ya F na D pana mlango, naye ameuona.

Ushahidi wa kwingineko

Msomaji aweza kusema kwamba darasa moja si ushahidi. Ni kweli. Basi na tutazame mbali kidogo. Katika jimbo la North West, Afrika Kusini, watafiti walilinganisha njia mbili katika miaka ya 2015 na 2016. Walimu wa shule fulani waliitwa kwenye mafunzo ya pamoja, na walimu wa shule nyingine walipewa vifaa vile vile lakini wakatembelewa na waelekezi madarasani mwao. Watoto wa walimu waliotembelewa walisoma vizuri kuwashinda wale wengine. Jirani zetu wa Kenya, katika mpango wa Tusome ulioenea nchi nzima mwaka 2015, waliwatuma maafisa wao wa elimu watazame masomo na kuzungumza na walimu baada ya kipindi.

Huko Japani walimu wamekuwa wakifanya hivi kwa zaidi ya miaka mia moja. Hupanga somo moja pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakatazama wanafunzi wanavyofikiri, kisha wote wakakaa kulijadili. Nchi ya Zambia ilianza kufuata njia hiyo mwaka 2005.

Matatizo yake

Haifai kusifu tu pasipo kutaja magumu. Gumu la kwanza ni hofu. Mwalimu aliyezoea kwamba mtu akija na karatasi amekuja kumtafutia kosa hawezi kubadilika kwa siku moja. Mwalimu mmoja wa makamo aliniuliza, "Nimefundisha miaka ishirini, mtoto wa juzi ataniambia nini?" Nafikiri jibu ni kwamba hatamwambia neno. Atamwuliza, na yeye mwenye miaka ishirini ndiye mwenye mengi ya kujibu.

Gumu la pili ni kugeuza jambo hili kuwa desturi isiyo na roho. Andalio la somo lina nafasi ya tathmini ya mwalimu, na ni rahisi kuandika "somo limeeleweka" kila siku, kama mtu apigaye muhuri. Maneno hayo si tafakuri.

Gumu la tatu, nalo ndilo kubwa, ni muda. Muhula huu mwalimu mmoja wa sayansi alihamishwa, na vipindi vyake vikagawanywa kwa waliobaki. Bibi Mwalimu wa Biolojia sasa ana vipindi 28 kwa juma, na kwa majuma sita hakuweza kuja darasani kwetu. Mwalimu wetu wa Hisabati aliniambia wazi kwamba katika majuma hayo daftari lake la tafakuri lilikaa tupu. Vile vipande vya karatasi vimeendelea, lakini mara mbili tu kwa juma, maana kusoma vipande sitini na vinne baada ya kusahihisha madaftari si kazi ndogo. Nasi tumebakiwa na miezi michache kabla ya mtihani.

Wajibu wetu

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwa Mkuu wa Shule na Mwalimu wa Taaluma, naomba kwa heshima kwamba katika ratiba ya muhula ujao kiwekwe kipindi kimoja tu kwa juma ambacho walimu wawili wawili hawatapangiwa darasa, ili mmoja amtazame mwenziwe au wazungumze. Dakika 40 katika juma zima si nyingi. Shule hutafuta muda wa paredi, wa usafi na wa michezo, na muda wa mwalimu kufikiri nao wastahili kutafutwa.

Kwa wazazi wetu, mjapo kwenye mkutano wa wazazi msiulize tu mtoto amekuwa wa ngapi. Ulizeni pia kama walimu wa mtoto wenu hukutana kujifunza, na wanakosa nini ili wakutane. Swali la mzazi lina nguvu kuliko barua ya mwanafunzi.

Kwa wanafunzi wenzangu, mwalimu anapowapa kipande cha karatasi aulize kilichowatatiza, msiandike "nimeelewa yote" ili muwahi chakula. Kipande hicho ndicho kioo chake. Tukikipaka matope, hataona kitu, na hasara ni yetu. Na mgeni akikaa nyuma ya darasa, msijifanye malaika. Kaeni mlivyo, ili aone lililopo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona akiwa ameficha jeraha.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zetu zitoe watu wenye akili ya kuuliza. Akili hiyo haipatikani kwa amri. Mwanafunzi huipata kwa kumwona mtu mzima anayemheshimu akijiuliza mbele yake, akabadili njia yake, wala heshima yake isipungue. Mimi nakusudia, Mungu akipenda, kusomea ualimu baada ya mtihani, na siku nitakapopewa darasa langu, kiti cha nyuma nitakiacha wazi.